Blanketi la Mama Nyungu

Rozina Otuoma alilipata jina la Mama Nyungu mwaka 2020, korona ilipoingia nchini, akiwa na umri wa miaka sitini na minane. Kila jioni alichemsha majani ya mkaratusi, mchaichai na mlimau katika nyungu, yaani chungu kikubwa, uani kwake, Igogo, na majirani wenye mafua wakaja kujifukiza bila malipo. Chungu kilikuwa kimoja na blanketi zito la kijivu lilikuwa moja. Kwa hiyo watu waliingia humo wawili wawili, vichwa vikigusana, kabla mvuke haujapoa.

Miaka mingi ya kubanika samaki ilikuwa imemwachia Rozina kifua kinachokoroma. Hata hivyo, hakujihofia mwenyewe. Alimhofia mdogo wake Odeta, ndugu pekee aliyesalia, mgonjwa wa kisukari aliyeishi Sengerema. Mwaka uliofuata, habari za vifo ziliporudi, alipanda kivuko akamchukua.

"Kule kliniki unakaa benchi moja na wagonjwa usiowajua," alimwambia. "Kwangu hakuna mgeni atakayekukoholea."

Neno hilo alilitimiza. Wachuuzi wa samaki walizungumza naye wakiwa nje ya uzio. Hata Masele, mhudumu wa afya wa mtaa, aliishia langoni.

"Shikamoo, mama. Mwenye sukari asikaribiane na watu, hata majirani."

"Marahaba, baba. Kipindupindu nilikiona kikizoa watu hapa hapa. Huu wako ni ugonjwa wa wasafiri. Nusrat wa nyumba ya pili amesafiri kwenda wapi, sokoni?"

"Sokoni kunatosha, mama."

Rozina alicheka mpaka akakohoa. Kwake yeye, hatari ilikuwa na sura ya mgeni. Nusrat hakuwa mgeni. Ndiye aliyemchotea maji kila kifua kilipombana.

Jumatatu moja Nusrat alikuja akikohoa. Rozina alimwingiza chini ya blanketi pamoja na Odeta, aliyejifukiza kila siku kama kinga.

"Sogea, mama mdogo, umelimaliza blanketi lote!" sauti ya Nusrat ilisikika humo ndani.

"Nisogee wapi? Chunguni, nikaive?"

Rozina alizibana kingo ili mvuke usitoroke, akifurahia vicheko vyao.

Siku ya sita baada ya hapo Odeta alishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi. Rozina aliongeza majani. Siku ya nane ndipo alipokubali mdogo wake apelekwe hospitali, na kesho yake Odeta akafariki. Nusrat alipona.

Baada ya maziko, Rozina alililoweka blanketi katika beseni la maji ya moto na sabuni. Kulikamua ni kazi ya watu wawili, na siku zote mwenzake alikuwa Nusrat. Sasa Nusrat alisimama langoni, macho mekundu.

"Mama, nije nikushikie upande wa pili?"

"Baki hapo hapo, mwanangu."

"Unanilaumu?"

"Wewe hukujua. Mimi niliambiwa." Akavuta pumzi kwa shida. "Na kifua changu mimi ndicho hiki; sasa hata jirani simkaribii."

Alizungusha ncha moja ya blanketi kwenye nguzo ya uzio, akashika nyingine kwa mikono miwili, akaanza kusokota. Alikamua kipande, akapumzika, akakamua kingine. Nusrat alitazama bila kusogea. Maji yalipokoma kutiririka, Rozina alilitundika blanketi kambani, akalinyoosha pembe zote nne.