Mama Majina na Jezi ya Kuazima

Kila asubuhi shangazi yangu hunywa chai akiwa amesimama, mgongo ameuegemeza kwenye friji, macho ameyafumba, huku akikariri wachezaji wa mechi ya siku hiyo. Hawataji kwa majina. Huwataja kwa namba za jezi na alama zao. "Saba, nywele fupi, kidevu kirefu. Nane, bandeji mkono wa kushoto. Tisa, viatu vya njano." Kila mchezaji ana funda lake, na kikombe kikiisha kabla ya timu kuisha, hujiongezea. Mumewe, fundi wa mafriji, hupita akitafuta bisibisi na kumuuliza yeye anavaa namba ngapi.

"Wewe uko benchi," shangazi humjibu bila kufumbua macho. "Pasha misuli, utaitwa."

Kazini wanamwita Mama Majina. Ofisi yao huyauzia magazeti picha za michezo, na kazi yake ni kuipa kila picha maneno ya kutafutia: mchezaji ni nani, ni wa timu gani, amefunga, ameanguka au anabishana na refa. Mhariri wa gazeti akiandika maneno hayo kwenye kompyuta yake, picha inamjia. Isiyo na maneno imo humo humo, ila hakuna atakayeiona. Shangazi ameifanya kazi hiyo tangu nikiwa shule ya msingi, kwenye chumba kisicho na dirisha wala televisheni, feni ikimpuliza shingoni.

Kilichomponza ni mwendo. Mpiga picha alikuwa akituma lundo zima, picha kumi za mtu yule yule akiukimbilia mpira ule ule, na shangazi akiandika kila jina herufi kwa herufi. Picha za ofisi nyingine ziliyafikia magazeti wachezaji wakiwa bado wanatoka jasho. Za kwao zilifika wameshaoga. Mwishowe mkuu wa chumba cha picha, mwanamume mpole anayeongea kama anayeomba radhi, alimweleza kwamba wakubwa wameamua. Wapiga picha wataandika jina la timu tu, basi, na yeye atahamishiwa mapokezi, akapokee simu na kuwaelekeza wageni choo kilipo.

Shangazi hakulia wala hakubisha. Aliomba mechi moja, fainali ya wanawake ya Jumamosi. Mkuu akakubali kwa sharti: picha ya goli la ushindi iwafikie wateja ikiwa na maneno yake yote kabla timu hazijatoka uwanjani. Ikishindikana, mapokezi.

Wiki hiyo tulikuwa naye nyumbani lakini hatukumpata. Unamwambia chumvi imezidi, anakujibu "kadi ya njano." Alikuwa akitengeneza vifupisho. Timu zilikuwa Weupe na Bluu, kwa hiyo akiandika w na namba ya jezi, au b na namba, kompyuta ingejaza yenyewe jina kamili, timu na nafasi ya mchezaji. Matukio nayo aliyapa vifupisho, goli, kadi, jeraha. Kisha akamwomba mpiga picha azitie alama kwenye kamera zile picha zinazofaa, atume hizo tu. Mpiga picha huyo, ambaye kwa urefu wake wenzake wanamwita Ngazi, alinung'unika kwamba yeye alisomea kupiga picha, hakusomea kuchambua mchele. Shangazi akamwambia mchele wake una mawe mengi mno. Walijaribu kwenye mazoezi ya timu, ikawashinda, wakajaribu tena, mpaka Ngazi mwenyewe akaacha kunung'unika.

Jumamosi chuo changu kilikuwa kimefungwa, shangazi akanichukua kwa sharti kwamba nisiguse kitu. Nilikaa nyuma yake kwenye kiti chenye mguu mmoja mbovu. Picha zilianza kuingia, na vidole vyake vikaanza kazi. W saba. B nne, kadi. Maneno yalijaa kwenye mistari kama maji kwenye ndoo, na picha ikaondoka kabla sijamaliza kuitazama. Shingo yake, ambayo siku zote hukakamaa akiwa kazini, nilihisi imelegea kidogo.

Mechi ilikuwa inakaribia kwisha, bado hakuna goli, tuliposikia kelele kutoka televisheni ya mkuu, upande wa pili wa korido. Picha ikaingia. Mchezaji wa Weupe, mgongo kwetu, mikono juu, wavu unatikisika mbele yake. Jezi namba ishirini. Shangazi akaandika w ishirini, goli. Kompyuta ikajaza jina la mchezaji wa akiba. Akatuma. Filimbi ya mwisho ikalia baadaye kidogo.

Mkuu alikuja mlangoni, safari hii bila sura ya kuomba radhi. Wateja walikuwa wameshaipata. "Meza yako imebaki, Mama Majina," alisema.

Shangazi alikuwa bado anashukuru wakati picha iliyofuata ilipofunguka. Ni mfungaji yule yule, sasa amegeuka anakimbilia wenzake. Kwenye mkono wake wa kushoto kulikuwa na bandeji.

"Huyu ni nane wa Weupe," alisema. Kisha akampigia Ngazi simu. Ngazi alisema ndiyo, namba nane aligongwa pua, jezi ikajaa damu, refa akamtoa akabadilishe. Mwenzake wa benchi akamvulia yake, namba ishirini, naye nane akarudi nayo uwanjani. Alidhani shangazi anajua. Lakini angejuaje, na kwenye chumba kile huingia zile picha alizochagua Ngazi tu?

Mkuu alikuwa ameyasikia yote. Akafunga mlango.

"Iache," alisema taratibu. "Mgongo ni mgongo, nani atajua? Zinazofuata weka jina sahihi."

"Magazeti yameshaichukua, mkuu. Itatoka kesho na jina lisilo lake."

"Ukiwaambia wateja umekosea, na leo ndiyo siku ya kuonyesha mfumo wako, mimi sina la kuwaambia wakubwa. Utakwenda mapokezi, na sitakuombea tena."

"Nimekuelewa," shangazi alisema, akavuta kibodi.

Aliwaandikia wateja wote: waiondoe picha ya goli waliyotumiwa, jina lake si sahihi, hii hapa yenye mfungaji mwenyewe. Akaambatisha ile ya bandeji. Mkono wake ulitua juu ya kitufe, ukatulia hapo, halafu ukabonyeza.

Mkuu alitoka. Tulimsikia akiongeza sauti ya televisheni yake. Aliporudi, sura ya kuomba radhi ilikuwa imerudi pia. Alisema Weupe bado wanazunguka uwanja na kombe lao, kwa hiyo kwa maneno ya sharti hakuna aliyechelewa. Wakubwa atawaeleza kosa na masahihisho pamoja. Hakuahidi zaidi ya kuomba meza ibaki mpaka mwisho wa msimu. Shangazi akamshukuru, akampigia Ngazi tena. Kuanzia leo, alimwambia, mchezaji akibadilisha jezi, mpige picha mgongo kisha uso, na hizo mbili zitangulie kabla ya kitu kingine chochote. Nilimsikia Ngazi akiuliza kama amchambulie na kunde. Shangazi akasema kunde baadaye.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, yeye amevua viatu vya kazini na kuvaa ndala. Karibu na duka la vifaa vya umeme nilimuuliza kwa nini hakunyamaza, na meza ilikuwa imeshakuwa yake.

"Mama yake nane angenunua gazeti," alisema, "akute goli la mwanawe lina jina la mwingine."