Sambusa na Uwiano wa Pande

Mkuu wetu wa shule alikuwa mtu wa busara nyingi. Pembetatu ya mbao ya kuchorea ubaoni, moja tu tuliyokuwa nayo, aliifungia kabatini ofisini kwake isije ikavunjika. Kweli, haikuvunjika. Mimi nikawa nachora pembe mraba kwa kukadiria kwa macho, na kidato cha pili wakaamini kwamba hapa Zinga pembe mraba huwa imelala kidogo.

Busara yake ya pili ilihusu mtihani wa taifa. Alitaka wastani wa shule upendeze, kwa hiyo wanafunzi "wazito" warudishwe kidato cha kwanza kabla majina ya watahiniwa hayajapelekwa. Dawa nzuri sana: mgonjwa akizidiwa, mtoe wodini, kisha tangaza kwamba wodi nzima imepona. Katika hesabu alikwisha kunichagulia mmoja, binti wa dawati la nyuma, ambaye tangu Januari hakuwa amejibu swali hata moja. Mama yake ndiye aliyetuuzia sambusa za chai ya saa nne. Nilipewa mpaka Ijumaa nikubali au nimtetee, na sikuwa na neno la kumtetea.

Jumatano nikafundisha uwiano wa pande. Nilichora pembetatu mbili zenye pembe mraba, kubwa na ndogo, nikaeleza kwa Kiingereza, kama inavyotakiwa, kisha kwa Kiswahili, ili waelewe. Nikauliza kwa nini pande zimetofautiana lakini uwiano umebaki uleule. Wote wakainamia madaftari. Hata mbuzi aliyekuwa anachungulia dirishani aliondoka. Kwa hasira nikamnyooshea chaki yule binti.

Akasimama. "Mwalimu, kwani si kama kukunja sambusa? Mama akikata manda nyembamba, sambusa inatoka ndogo, lakini kona hazibadiliki."

Darasa likaangua kicheko. Mimi nilitamani kumkumbatia. Nikamwita mbele, akakunja vipande viwili vya karatasi, kimoja kipana, kimoja chembamba, mkunjo wa sambusa, akapima kwa rula, akagawanya. Majibu yakalingana. Waliokuwa wanacheka wakaanza kunakili.

Ijumaa saa nne yule binti aliingia ofisini na sahani ya sambusa za mama yake, akatuamkia. Mkuu alitafuna sambusa ya kwanza, ya pili akaigeuzageuza.

"Wewe, mbona sambusa za mama yako siku hizi zimesinyaa?"

"Kila upande umebaki robo tatu ya ule wa zamani, mwalimu," alijibu kwa adabu zote, mikono nyuma. "Uwiano ni uleule."

Mkuu akanitazama. Mimi nikatazama kabati. Kimoyomoyo nilishapiga hesabu ya eneo: tulikuwa tunauziwa nusu na kitu kidogo, kwa bei ya nzima. Lakini hilo hakuuliza.

"Ana jeuri huyu," alisema binti alipotoka.

"Anayo," nikasema. "Na mtihani anafanya."

Mkuu akachukua ya tatu. "Haya, afanye. Lakini mwambie mama yake apanue manda."