Kurasa Mbili za Malta

Kitabu kile kilinuka mafuta ya jua. Harufu yake ndiyo ninayoikumbuka kwanza, kabla hata ya rangi ya jalada: harufu tamu ya nazi, ya yale mafuta ambayo Wazungu hujipaka wakienda ufukweni. Ukikifungua katikati, mchanga ulidondoka juu ya kitambaa cha plastiki cha meza yetu. Mtu fulani wa hapa Birmingham alikiazima maktaba kabla yetu, akaenda nacho Malta, akakirudisha bila kukikung'uta. Sisi tuliishi Ladywood, ghorofa ya tisa, katika jengo ambalo lifti yake ilifanya kazi siku ilipojisikia. Nilikuwa msichana wa miaka tisa. Mama alisafisha ofisi za mjini tangu alfajiri, na nilipotoka shule nilimkuta jikoni, koti bado mwilini, miguu ndani ya beseni la maji ya moto, sombe, kile kisamvu chetu, ikitokota mekoni. Kifaransa alikisoma vizuri, na Kiswahili pia, lakini Kiingereza kilimpiga chenga. Barua zote za nyumba ile nilizisoma mimi.

Kitabu hicho cha kuwaongoza watalii tulikiazima kwa sababu ya Mjomba Byamungu, mdogo wake mama, ndugu pekee aliyebakia hai. Walipotezana siku waliyokimbia vita mjini Uvira. Mama aliishia kambini Tanzania, ambako nilizaliwa, na baadaye tukaletwa huku. Mjomba alipita Uganda, Sudani, Libya, kisha akapanda mashua ambayo injini yake ilizimika baharini, na wanajeshi wa Malta ndio waliomwokoa. Miaka kumi walikuwa hawajaonana, wanasikiana kwa simu kila Jumapili baada ya ibada. Majira yale ya baridi mjomba alitupa habari kwamba Wamarekani wamekubali kumpokea, ataondoka baada ya Pasaka. Mama alikata simu. Amerika ilikuwa mbali mno, alisema, lakini Malta ni saa tatu tu kwa ndege. Tungekwenda kumwona kabla hajaondoka. Na kwa kuwa mama si mtu wa kuingia nyumba ya watu bila kubisha hodi, alitaka kwanza aijue nchi.

Basi nikamsomea, kila siku kipande. Malta ni visiwa vitatu vyenye watu, na hicho kikubwa unaweza kukivuka kwa basi asubuhi na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Nyumba zake ni za mawe ya rangi ya asali. Kuna feri ya kwenda kisiwa cha Gozo. Makanisa ni mengi kupita kiasi, na mengine yana saa mbili ukutani, moja inasema kweli na nyingine inasema uongo, ili shetani asijue ibada inaanza lini. Hapo mama alicheka mpaka maji ya beseni yakamwagika. Nilipomwambia kuwa nchi nzima haina mto unaotiririka mwaka mzima, alisikitika kweli, maana yeye ni mtu wa ziwa, wa kule Uvira.

“Sasa banakunywaka nini, hawa watu?”

“Dunno, Mama, sijui. Maji ya mvua. Na ya bahari, wanatoa chumvi.”

Nilimsomea hesabu yao pia. Sita yao ni sitta, saba yao karibu na yetu, hata tisa yao inatambulika, yote kwa sababu ya Kiarabu. Mama akapiga makofi: “Kumbe ni bandugu!” Lakini kilichomkaa moyoni zaidi ni kwamba wanaendesha magari upande wa kushoto, wanazungumza Kiingereza, na plagi zao zina meno matatu kama zetu. “Donc ni Angleterre yenye jua,” alisema kwa Kifaransa chake, yaani basi ni Uingereza yenye jua, na toka siku hiyo hakuna aliyeweza kumwambia vingine.

Siku moja nilikuwa na njaa, na kwenye televisheni katuni niliyoipenda ilikuwa inakaribia kuanza. Sura iliyofuata ilikuwa ya maandishi madogo, bila picha, yenye maneno marefu kuhusu hati na ubalozi. Nilizishika kurasa mbili kwa pamoja nikazifunua kama moja, nikatokea kwenye fukwe. Mama alinitazama, akasogeza miguu ndani ya beseni. Nikaendelea na bahari.

Mama mmoja wa kanisa letu, lile lililokodi ghala Digbeth, alitukatia tiketi kwa kadi yake. Mama akapika ndagala wakavu, wale dagaa wa ziwa la kwao, akawafunga vizuri kwenye karatasi, kwa kuwa mjomba hakuwa amewala tangu nyumbani. Kwenye uwanja wa ndege, dada wa kaunta alifungua hati zetu nyeusi za kusafiria, maana pasipoti hatukuwa nazo, akageuza kurasa zote, akarudia tena. “Viza iko wapi, bab?” aliniuliza mimi, kwa lile neno ambalo watu wa Birmingham humwitia kila mtu wanayemhurumia. Mimi ndiye niliyemtafsiria mama. Tulirudi kwa basi, viza isingewahi kutoka kabla ya Pasaka, na ndagala wale tuliwala juma zima. Nilijifungia chooni na kitabu, nikaisoma ile sura: mstari mmoja ulisema wasiokuwa na pasipoti waulize ubalozi mapema. Mama aliwaambia watu kanisani kwamba hata kitabu hakikusema, na mimi nilisimama kando yake nikitazama viatu vyangu.

Mjomba alikwenda Amerika, akafa huko baada ya miaka sita, kwa moyo. Hawakuonana kamwe. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekaribia miaka ishirini, na imenichosha kuliko kazi yoyote. Leo riziki yangu ni kuwasomea watu barua, wageni wanaokuja kama tulivyokuja sisi, na siruki hata nukta. Wenzangu hunitania kwamba ninasoma mpaka jina la aliyechapa.

Mama anaishi nami Hodge Hill siku hizi, magoti yamemkataa. Sote tuna pasipoti za Uingereza, zimelala kwenye droo pamoja na betri na funguo ambazo hatujui ni za wapi. Mwezi uliopita nilimwambia twende Malta, mara hii hakuna wa kutuuliza viza.

“Kuona nani?” aliuliza.

Hapo nikashindwa kuendelea kuficha. Nilimweleza yote, zile kurasa mbili, katuni, choo. Nililia, mtu mzima mimi. Mama alinisikiliza huku akisugua goti lake.

“Nilionaka ile siku,” alisema. “Ulifungua mbili pamoja. Nilikuwa nimechoka, mama. Nilitaka ufike kwa ile sura ya bahari.”

Nilichemsha maji, nikalileta beseni, nikamvua soksi.