Kengele ya Kitanda cha Tisa

Sauti za watu huwa naziiba. Ya mwalimu wa hesabu iliniletea adhabu ya wiki nzima, na bado naona ilistahili. Ila ninayoiweza kuliko zote ni ya sista mkuu wa wodi anayofanyia kazi Mum, maana Mum humwigiza kila akipika: maneno taratibu, yote ya puani, kila mtu “mpenzi”.

Jumamosi ile Mum alirudi kutoka kazini, nyumbani kwetu Thornton Heath, saa kumi na moja jioni, akaketi jikoni koti likiwa bado mwilini. Nikatoka uani, nikajibanza nyuma ya mapipa ya taka, nikaficha namba yangu. Simu za hospitali nazo huja bila namba. Nikampigia.

“Mpenzi, ni kuhusu kitanda cha tisa.” Tisa niliitoa kichwani tu. Nilitaka ashtuke kidogo, nicheke, basi.

Kupitia dirisha nilimwona akiziba mdomo.

“Ameanguka? Sista, kosa ni langu. Nilipobadilisha shuka niliweka kengele yake ya kuitia nesi juu ya kabati. Nikaitwa kitanda cha tatu, halafu cha kumi na moja, zamuni tulikuwa wawili tu. Sikuirudisha! Na hawezi kuita kwa sauti, kiharusi kimemwachia mkono mmoja tu wa kubonyezea. Tangu saa nane, sista!”

Kicheko kilinikauka. Nikafanya ujinga mkubwa kuliko wa kwanza. “Usijali, mpenzi, tumeshughulikia,” nikasema, nikakata.

Mum akashusha pumzi, akaanza kuvua koti. Hapo ndipo nilipoona nilichofanya. Yeye anaamini wodi inajua. Wodi haijui kitu. Mzee wa watu anapapasa shuka kwa mkono mmoja, na anayejua kwamba hakuna anayekuja ni mimi, niliyejificha kwenye takataka.

Nikaingia.

“Mum, si sista aliyepiga.”

“Unasema nini wewe?”

“Ni mimi.”

Nilingoja kofi. Hakuinuka hata. Alipiga wodini, vidole vikikosea namba mara mbili. Simu ikaita, ikaita.

“Shikeni simu, haki, shikeni!”

Sista halisi alishika, nami nikasogeza sikio karibu. Mum akaeleza yote upya, akianza na jina lake mwenyewe.

“Ngoja nikaone,” sista akasema.

Akailaza simu mezani kule wodini. Tulisikia magurudumu ya kitoroli, mtu akikohoa, kisha hakuna kitu. Nilishika mkono wa koti la Mum. Hakunisukuma, wala hakunitazama. Nilijiambia mzee akifa, mimi ndiye niliyempotezea dakika zile.

Sista akarudi. “Yu hai. Amelowa mpaka mgongoni, anatetemeka, ameangusha kikombe akitafuta mtu. Kengele anayo sasa. Kesho njoo mapema, tuandike ripoti.”

Simu ilikatika, Mum akaendelea kuibana sikioni.

“Watanifuta kazi?” akauliza.

Jikoni tulikuwa wawili tu, hakuna mwingine wa kumjibu, kwa hiyo nikasema hapana. Sikujua lolote.