Nilimtorosha Mke Wangu Wodini kwa Kuogopa Mumiani

Jamani, nimekosa, na aliyeumia si mimi! Dhambi ya miguu ya mke wangu iko shingoni mwangu mpaka nife.

Mimi ni mtu wa kushuku tangu zamani. Tulipohamishiwa kijiji cha Ujamaa huku karibu na Tunduma, nilishuku hata majirani niliopangiwa. Kwa hiyo siku mke wangu, Mama Neema, alipodondosha jembe kwenye shamba la kijiji akapiga ukelele, "Mgongo wangu!", miguu yake ikafa ganzi palepale, nikajua karogwa.

Wenzangu wakanilazimisha tumpeleke hospitali. Huko daktari akamchoma sindano mgongoni, akavuta maji. Mama yangu wee! Yalitoka mekundu!

"Ndugu, damu inavuja kwenye uti wa mgongo," akaniambia. "Nashuku kazaliwa na mishipa ya damu iliyojisokota vibaya, na mmoja umepasuka. Apelekwe Dar wakampige picha, wampasue wauzibe, kabla haujapasuka tena."

Nashuku! Mtu apasuliwe mgongo kwa kushuku? Na ile damu kaitia kwenye kichupa ya nini? Kwetu habari za mumiani wanaonyonya watu damu tulizisikia kila siku. Nikamtazama yule daktari, hajui hata salamu ya lugha yetu, Kinamwanga, nikasema moyoni: ndiye huyu!

Mama Neema alikuwa ameanza tena kuweza kukunja vidole vya miguu. "Baba Neema, niache nitibiwe," alinisihi. Wapi! Saa ya kuona wagonjwa nikambeba mgongoni, nikajifanya nampeleka kuota jua, tukapanda lori la mahindi mpaka nyumbani. Nikajiona mjanja kweli.

Mwezi haukuisha. Alikuwa ameketi anachambua maharage, akapiga ukelele uleule. Safari hii hata mkojo hakuweza kuuzuia.

Ndipo nikampeleka Dar kwa treni, nikilia njia nzima. Wakampasua, wakakuta mishipa kama alivyosema yule daktari, wakaifunga. Damu haikuvuja tena. Miguu je? "Mngekuja mapema," wakasema, basi.

Leo namfulia, namgeuza kitandani, nambeba nje kuota jua la kweli. Hanitukani. Ila nikimpelekea dawa, hukitazama kidonge, kisha hunitazama mimi, ndipo ameze.

Nawe unayesoma, shuku unavyotaka. Lakini ukimshuku daktari, muulize usoni, umuulize tena, mgonjwa wako akiwa bado wodini. Mimi sikumuuliza hata neno moja!