Dagaa Mbele ya Karakana

Nilikosa usingizi kwa swali moja: niwaondoe wanawake wanaoanika dagaa, ili picha ya karakana ya zamani itoke safi kama mteja alivyotaka? Ilikuwa kazi yangu ya kwanza ya kupiga picha tangu nihitimu. Nikimuudhi, hataniita tena.

Asubuhi nilipofika ufukweni, harufu ya dagaa ilinirudisha utotoni. Nimechuchumaa kando ya mama, mchanga unachoma nyayo, magamba yamenata vidoleni. Mpiga picha mmoja amesimama mbele ya ukuta wa karakana hiihii.

“Mama, hebu zoa hivyo vidagaa. Vinaharibu picha ya jengo.”

Mama hakuinuka. “Mwanangu, dagaa asipogeuzwa huoza upande wa chini. Jengo lako halitaoza, lisubiri.”

Wenzake walicheka. “Mpige picha na yeye, anapendeza kuliko ukuta!”

Yule bwana alifunga begi, akaondoka. Mama aliendelea kugeuza dagaa.

Nikatoka kwenye kumbukumbu hiyo, nikamwamkia mwanamke aliyekuwa karibu, nikamwomba aendelee na kazi yake. Nikapiga picha kumi na mbili, wanawake na dagaa wao mbele, karakana nyuma. Nikamtumia mteja zote, bila kuandika samahani.