Sehemu ya Elimu katika Wasifu wa Mama

Mama alipofariki, kaka yangu alinipa kazi moja tu: kuandika wasifu wake wa kusomwa mazishini. Nadhani alinihurumia. Yeye alikuwa ameshughulikia jeneza, hema na gari la kutoa mwili mochari, nami nilikuwa nimefika kutoka Kitale na begi moja, kama ninavyofika kila mara. Nina miaka arobaini na sita na sijawahi kukaa mji mmoja mpaka soli za viatu ziishe.

Wasifu wa huku kwetu una vichwa vyake na kila mtu anavijua: Kuzaliwa, Elimu, Ndoa, Kazi, Imani, Ugonjwa. Niliketi barazani kwa kaka mjini, mtaa wa Milimani, nikavijaza vyote mchana mmoja, isipokuwa hicho cha pili. Mama hakuingia darasani hata siku moja.

Kaka, ambaye ni mhandisi, alikuja na chai akasoma juu ya bega langu.

"Andika alifika darasa la nne," alisema.

Nikamwambia watu wa nyumbani watacheka, wanajua wakati huo hata shule yenyewe haikuwepo.

"Basi kitoe hicho kichwa. Watu wa ofisi yangu watakuja. Sitaki aonekane hivyo."

"Aonekane vipi?"

Alikoroga chai ambayo sukari yake ilikuwa imeshayeyuka zamani. Sikumchukia. Shahada yake na kidato changu cha nne vilitoka kwenye vyungu vya Mama, alivyokuwa akivipanga kando ya barabara pale Otonglo, na sote wawili tulikuwa tukipita upande wa pili tukiwa na wenzetu wa shule.

Mwishowe niliandika mstari mmoja: kwamba alifundishwa ufinyanzi na mama mkwe wake, na kwamba vyungu vyake vya mwaka wa kwanza vilipasuka vyote motoni. Hilo alinisimulia mwenyewe. Nikamtumia kaka apeleke kwa mchapishaji. Vijitabu vilipokuja, sehemu ya Elimu haikuwepo. Nilikuwa nimechoka, sikuuliza.

Tulimzika nyumbani, mbele kidogo ya Kombewa. Aliyesoma wasifu alikuwa mwalimu mstaafu wa huko kwetu. Alisoma Kuzaliwa, akafungua ukurasa, akaanza Ndoa. Mama mmoja mkongwe aliyeketi viti vya mbele akainua mkono, kama mwanafunzi. Huyo aliolewa boma la jirani mwaka mmoja na Mama.

"Mwalimu, umeruka shule yake."

Watu wakacheka kidogo. Mwalimu akamwambia kwa upole kwamba haikuandikwa, kwa kuwa marehemu hakusoma.

"Hakusoma? Mimi nilikuwa naye. Mama mkwe wake alitufundisha pamoja miaka mitano. Yeye akamaliza, mimi nikashindwa. Kwa nini mnadhani nimeuza mboga maisha yangu yote?"

Hema lote likacheka, hata wale wa ofisini. Mwalimu akatoa kalamu mfukoni. "Haya, mama, wacha niandike. Alimaliza akijua nini?"

"Waulize watoto wake."

Wakatugeukia. Kaka akanitazama mimi, kwa sababu mwandishi nilikuwa mimi. Nikasimama. Nilijua kwamba alichimba udongo karibu na mto na kuubeba kichwani kabla ya jua kuwa kali. Ni udongo upi aliouacha na upi aliouchukua, ulilala siku ngapi, alichanganya na nini, sikujua. Kabla ya kuchoma alikuwa akigonga kila chungu kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Sauti hiyo niliisikia utoto wangu wote nikiwa nakariri vitabu vya shule mlangoni, na sikuwahi kumuuliza anasikiliza nini.

"Alijua udongo," nilisema.

Mwalimu aliandika hayo maneno mawili pembeni mwa ukurasa, akaendelea na Ndoa.

Jioni, magari ya ofisini yalipoondoka, nilimkuta kaka nyuma ya jiko la Mama, amevua koti. Alikuwa amefunua gunia. Chini yake kulikuwa na vyungu vitatu vikavu, vya kijivu, ambavyo havijaona moto.

"Hivi vilikuwa vichomwe lini?"

Nikamwambia sijui.

Akachuchumaa akagonga cha kwanza kwa kidole, akainamisha sikio. Akagonga cha pili. Akarudi cha kwanza.

"Wewe unasikia tofauti?"

Nilichuchumaa kando yake nikagonga pia. Vyote vilinilia sawa. Tukakaa hapo muda, tukigonga kwa zamu, kisha akavifunika tena kwa gunia, taratibu, akaweka jiwe kila pembe ili upepo usilipeperushe.